Volti Zilizopotea Njiani

Pampu isiyopata umeme wa kutosha ina sauti yake, na mtu akishaisikia haisahau. Haingurumi, wala hainyamazi. Inaguna kwa ndani, kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, kama ng'ombe aliyevimbiwa. Niliisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza katika likizo ya Desemba niliyomaliza kidato cha pili, kwenye machimbo madogo ya dhahabu yaliyokuwa ng'ambo ya mashamba ya pamba, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Buseresere. Ilikuwa ikitoka chini kabisa ya duara, maana huko kwetu shimo la dhahabu huitwa duara hata likiwa na pembe nne, na ilipanda juu pamoja na harufu ya tope jipya na mbao za miti zilizolowa. Mvua zilikuwa zimeanza. Kila asubuhi mashimo yalikuwa na maji, na kila asubuhi wachimbaji walisimama juu wakiyatazama maji yao kwa uchungu, kwa sababu mawe yenye dhahabu yalikuwa chini ya maji hayo.

Mama yangu hakuwa mchimbaji. Alikuwa mpishi. Tulitoka karibu na Kolandoto, kule Shinyanga, ambako baba alifariki nikiwa darasa la nne, na baada ya msiba mama aliangalia shamba lake lililochoka, akatuangalia mimi na mdogo wangu Minza, kisha akafunga sufuria zake na kufuata watu waliokuwa wakienda magharibi. Hakwenda kutafuta dhahabu. Alikwenda kuwatafuta wenye njaa. Alijenga kibanda cha nyasi na turubai karibu na karasha, ile mashine kubwa ya kusagia mawe, na humo akapika ugali wa dona, maharage, dagaa wa ziwani, na siku nzuri michembe ya viazi vilivyokaushwa iliyopikwa kwa karanga. Hiyo michembe ndiyo iliyompa sifa. Vijana wa Kisukuma walioacha mama zao mbali walikuwa wakiila kimya kimya, wengine wakitazama chini. Machimbo yote yalimjua kama Mama Kabula, kwa sababu Kabula ni mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyezaliwa siku ya mvua. Kibanda kile ndicho kilichonisomesha. Shuleni Buseresere nilikuwa na sare, viatu na daftari za kutosha, na kila kimoja kilikuwa kimepikwa kwanza pale.

Kila duara lilizungushiwa kamba. Ilikuwa kamba ya kawaida ya katani, imefungwa kwenye vigingi hatua chache kutoka mdomo wa shimo, na maana yake ilijulikana na kila mtu: mwanamke haivuki. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi na hazikufanana. Wengine walisema dhahabu ina wivu. Wengine walisema dhahabu hukimbia damu ya mwanamke, na kwa kuwa hakuna ambaye angeuliza wala kujibu mambo kama hayo hadharani, ilionekana salama zaidi kuwazuia wanawake wote siku zote. Mama alikuwa akiiheshimu kamba ile. Chakula alikiweka chini upande wake, akapiga mwano, ule ukelele wa kuitana, na kijana mmoja akapanda kukichukua. Sikumbuki akilalamika. Alikuwa amezoea kuishi kwenye nyumba za watu wengine, na kwake machimbo yalikuwa nyumba ya watu wengine.

Sasa nieleze siku yenyewe. Mwenye duara tuliyemzoea zaidi aliitwa Mzee Masanja, Msukuma mwenzetu, mtu mfupi mwenye tumbo na sauti ya mnadani, ambaye wachimbaji wake wote walikula kwa mama. Duara lake la kwanza lilikuwa karibu na karasha na lilikuwa limekwisha mawe. Siku hiyo walihamia duara jipya ng'ambo ya korongo. Walihamisha kila kitu: kamba, ngazi, viroba vya mawe, na ile pampu ya kuzamisha majini iliyokuwa fahari ya Mzee Masanja, kwa sababu umeme wa nguzo ulikuwa ndiyo kwanza umefika kwenye karasha na yeye alikuwa wa kwanza kuachana na pampu ya mafuta. Waya wa zamani haukufika ng'ambo. Wakachukua waya mwembamba uliobaki walipofunga taa kwenye nyumba ya Mzee, wakauunga vipande kwa vipande mpaka ukavuka korongo, maungio wakayafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Na kwa kuwa machimboni waya wa shaba hauchelewi kuibiwa, waliufukia mahali palipofukika, na sehemu iliyozidi wakaikunja na kuifunika kwa viroba vya mawe. Hakuna aliyefanya uzembe. Walifanya kazi ya kuzuia mwizi, na waliifanya vizuri.

Mchana wa siku hiyohiyo, Dotto akapandishwa kutoka chini akiwa hajitambui. Dotto alikuwa kijana wa kama miaka ishirini, mcheshi, aliyekuwa akimwita mama "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, na kudai ukoko wa ugali kila jioni kama haki yake. Hewa ya shimo jipya ilikuwa mbaya. Walimvuta kwa kamba, wakamlaza pale mdomoni, halafu wote wakasambaa, huyu kumwita Mzee, huyu kutafuta pikipiki, huyu kupiga kelele tu. Mama alikuwa amesimama upande wake na sufuria la maharage. Nilikuwa nyuma yake na ndoo ya maji. Aliliweka sufuria chini, akanyakua ndoo mkononi mwangu, akavuka. Alimburuta Dotto kwa makwapa mpaka kwenye upepo, akamfungua shati, akammwagia maji kichwani na kifuani, akampepea kwa kanga yake, akiita jina lake kwa ukali kama anamwamsha mvivu. Dotto akakohoa. Akatapika. Watu waliporudi walimkuta amekaa, anatetemeka, na mama amepiga magoti ndani ya kamba, karibu kabisa na mdomo wa duara.

Siku ile hakuna aliyemlaumu. Walimshukuru hata. Lakini jioni walipowasha pampu ikaanza kuguna. Kesho yake ikaguna, maji yakapanda badala ya kushuka, na mzigo wa mawe ukazama. Kazi ikasimama. Watu wasio na kazi huwa na muda wa kukumbuka, na walichokumbuka ni magoti ya mama. Wakamleta mganga kutoka kijiji cha jirani, ambaye hakuambiwa lolote, au ndivyo walivyosema, naye akaona kwenye maji yake kwamba mwanamke amevuka na wenyewe wa chini wamekasirika. Dawa ilikuwa mbuzi mweupe, na huyo mwanamke aondoke machimboni kabla damu ya mbuzi haijakauka.

Walikuja watatu kibandani, kwa adabu zote. Walimwamkia mama, wakakaa, wakanywa maji waliyopewa. Hicho ndicho ambacho watu wasiofahamu maisha yale hawanielewi ninapowasimulia: hawakuwa wabaya. Walikuwa wamekula mkononi kwake miaka miwili na waliona aibu. Mkubwa wao alisema, "Mama Kabula, hatuna ugomvi na wewe. Tunaomba tu uhame."

"Nikahamie wapi?" mama akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua.

Wakaaga, wakaondoka. Mama akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona anachambua palepale alipokwisha kuchambua. Mimi niliogopa kuliko yeye. Kibanda kikifungwa shule imekwisha, hilo lilikuwa wazi, lakini kulikuwa na kubwa zaidi. Katika mikoa yetu mwanamke akishatajwa na mganga, jina hilo humfuata. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na nilikuwa nimekua nikisikia habari za mabibi wenye macho mekundu waliouawa kwa kuitwa wachawi. Angehama leo kwa sababu ya pampu, na kesho huko alikohamia ng'ombe wa mtu akifa wangeuliza alitoka wapi na kwa nini.

Mtu pekee aliyekuwa na maelezo mengine alikuwa Fundi Ramadhani. Huyu alitokea Ujiji, Mwislamu mpole mwenye kofia isiyotoka kichwani, aliyetunza umeme wa karasha na kuuza nyaya, swichi na balbu kwenye duka lake dogo hapohapo. Nilikwenda kumuuliza pampu inaumwa nini. Akaniambia bila hata kuacha kula muhogo wake kwamba pampu haiumwi, waya ndio mwembamba mno na mrefu mno, na kwamba alishamwambia Mzee Masanja tangu siku ya kwanza. Na Mzee alimjibu nini? Alimjibu kwamba mwenye duka la nyaya hawezi kuona ugonjwa mwingine ila wa waya. Fundi alisema hivyo akicheka, lakini alikuwa ameumia. Hakuwa na mpango wa kurudi kwa Mzee kuomba aaminiwe.

Nilirudi kibandani nikifikiri. Muhula ule ule mwalimu wetu alikuwa amejaza ubao kwa herufi tatu, ya volti, ya ampea na ya omu, akatwambia ukijua mbili ya tatu haiwezi kujificha. Alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyo desturi, kisha alipoona nyuso zetu akarudi kwenye Kiswahili na kutueleza kwamba volti ni msukumo, ampea ni mkondo unaopita, na omu ni ukinzani, yaani kiasi ambacho njia yenyewe inaukatalia mkondo. Msukumo gawanya kwa mkondo, unapata ukinzani. Nilikuwa nimeipenda hesabu ile kwa sababu ilikuwa fupi. Lakini ilikuwa ya betri na kibalbu, vitu vya mezani. Haikunijia kamwe kwamba omu ni kitu kinachoweza kuwa kimelala chini ya viroba vya Mzee Masanja, mpaka nilipokwenda kuingiza mkono chini ya viroba hivyo, nje ya kamba, pale waya uliozidi ulipokunjwa. Kulikuwa na joto. Jua lilikuwa halijatoka siku nzima, mawe ya juu yalikuwa baridi na yamelowa, lakini chini yake palikuwa na joto kama tumbo la mtoto mwenye homa.

Kumwendea Mzee Masanja haikuwa rahisi. Nilimkuta kwenye kiti chake cha plastiki nje ya karasha, karibu na yule mbuzi mweupe aliyekuwa ameshanunuliwa na kufungwa kwenye nguzo. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alijua mimi ni mtoto wa nani na alijua nimekuja kwa ajili gani. Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu ilikuwa ileile ya fundi. Fundi alikuwa na waya wa kuuza, na mimi nilikuwa na mama wa kumtetea, na maneno yangu yasingekuwa na uzito zaidi ya yake. Kwa hiyo sikumwambia pampu ina nini. Nilimwomba asome namba mbili tu, moja kila mwisho wa waya, yeye mwenyewe, kwa macho yake, na kwamba kama namba hizo zitalingana basi nitakwenda kumsaidia mama kufunga sufuria. Mzee Masanja alikuwa mtu wa mizani. Alikuwa amepima dhahabu maisha yake yote na hakumwamini mtu yeyote kusoma mizani kwa niaba yake. Nadhani hicho ndicho kilichomwinua kwenye kiti.

Fundi Ramadhani akaleta mita yake, akiwa na uso wa mtu aliyeburutwa. Kwanza pale karasha, mahali waya ulipoanzia, pampu ikiwa imewashwa na inaguna huko ng'ambo. Mzee akainama, akasoma kwa sauti: mia mbili na thelathini. Tukavuka korongo, na nyuma yetu wakaanza kufuata wachimbaji, maana hawakuwa na la kufanya. Mama hakuja. Alibaki kibandani, na hata mimi nilisimama nje ya kamba huku fundi akiingia kupima pale waya ulipoungana na pampu. Akamletea Mzee mita akiwa ameshikilia ncha za kupimia kwa uangalifu mkubwa.

"Mia moja na sabini," Mzee akasoma. Akaigonga mita kwa kidole, akasoma tena, ikawa ileile. Kisha akauliza kama mtu aliyekuta gunia lake limepungua njiani. "Sasa hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi na sijasikia mtu akiuliza swali zuri kuliko lile. "Zimebaki kwenye waya, baba," nikamjibu.

Fundi alikuwa na kifaa kingine chenye meno, kinachobana waya mmoja na kusoma mkondo wake bila kuukata. Akabana, ampea kumi. Nikachukua kijiti, nikachora kwenye udongo uliolowa, nje ya kamba, na wao wakanizunguka. Mia mbili thelathini toa mia moja sabini, zimebaki volti sitini. Hizo ndizo msukumo uliotumika kuvuka korongo peke yake. Sitini gawanya kwa kumi, omu sita. Huo ndio ukinzani wa waya wa kufungia taa uliolazimishwa kuendesha pampu. Hapo niliishia, kwa sababu ndipo kidato cha pili kilipoishia, lakini fundi akasema kwa sauti ndogo kwamba ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu yenyewe. Nikazidisha. Sitini mara kumi, wati mia sita. Zilizoondoka karasha ni elfu mbili na mia tatu, zilizofika kwenye pampu ni elfu moja na mia saba, na hizo mia sita katikati zilikuwa zinageuka joto njiani, sawa na jiko dogo la koili lililowaka mchana kutwa bila sufuria juu yake. Mmoja akauliza jiko hilo liko wapi. Nikamwambia akaingize mkono chini ya viroba.

Walikwenda wote, mmoja baada ya mwingine, wakiinama na kuingiza mkono kwenye joto lile na kuutoa. Wengine walirudia. Dotto naye alikuwepo, bado dhaifu, na alipoutoa mkono wake alikaa chini akaegemea viroba. Tangu siku ile hakuwa amekuja kula kwetu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa hilo, mpaka nilipoiona sura yake: alikuwa anaogopa kuliko wote, kwa sababu ikiwa mama alikuwa amekosea kuvuka, basi yeye alikuwa hai kwa sababu ya kosa.

Lakini Mzee Masanja hakuwa mtu wa kushindwa na kijiti. Alisema namba zinaweza kusemea jambo lililokwisha kutokea, hata mganga anaweza. Aliyemtaka ni wa kumwambia lijalo. Basi fundi akajitolea kuazima waya mnene kutoka dukani kwake kwa siku moja. Kwa maelezo yake, shaba ya waya huo ilikuwa mara nne ya ule mwembamba. Nikafikiri: njia pana mara nne, ukinzani ni robo. Niliwaeleza kwa ng'ombe, kwa sababu nusu yao walikuwa wafugaji kabla ya kuwa wachimbaji. Mlango wa zizi ukiwa mwembamba ng'ombe wanasuguana na kuchoka wakiwa bado hawajafika malishoni, upanue, wanapita. Robo ya sita ni omu moja na nusu. Mara ampea kumi, volti kumi na tano zitapotea. Kwa hiyo kesho, nikasema mbele ya watu wote, mita itasoma mia mbili na kumi na tano. Nilikuwa nimeweka kibanda cha mama juu ya namba moja.

Kesho yake asubuhi walichinja mbuzi kwanza. Mzee alisema ameshalipiwa na haiwezekani kumrudisha, na mganga alikuwa amesafiri. Nyama ya namna ile hupikwa na wanaume pekee, huko ndani ya kamba, na wanaume wale walikuwa hawajapika kitu tangu watoke kwao. Waliiunguza nje na kuiacha mbichi ndani. Katikati ya shughuli hiyo ya kumwondoa mama machimboni, alikuja kijana mmoja kibandani, ameangalia pembeni, kuomba chumvi. Mama akampa. Akampa na kitunguu, akamwelekeza wapunguze moto.

Waliutandaza waya mnene juu ya ardhi bila kuufukia, wakamweka mtu wa kuulinda. Fundi akaunganisha. Karasha ikawashwa, kisha pampu. Kwanza hakukuwa na kitu, halafu chini kabisa ikanguruma, ngurumo safi ya kitu chenye afya, na bomba lililokuwa limelala kama nyoka aliyekufa likajaa, likajinyoosha, likatema tope, kisha maji. Watu wakashangilia. Mzee Masanja hakushangilia. Aliikazia mita macho.

"Mia mbili na kumi na nane," akasoma, akanigeukia. "Umekosea tatu."

Nilikuwa nimekosea tatu, na ilinichukua miaka kujua kwa nini. Mota yenye njaa ya volti huhangaika, ikavuta mkondo mkubwa kuliko stahili yake, ikishiba inatulia. Siku ile mkondo ulikuwa umeshuka mpaka ampea nane, na mimi nilikuwa nimepiga hesabu kwa kumi. Fundi aliniangalia kwa wasiwasi, nami nikasubiri hukumu. Nusu ya wachimbaji walikuwa tayari wanamsifu mbuzi. Waliobaki walikuwa wanausifu waya. Mganga angerudi angesema ni mbuzi, fundi angesema ni waya, na hakuna ambaye angeweza kuvitenganisha tena, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimefanyika asubuhi moja. Mzee Masanja alitazama maji yanavyokwenda, akayatazama yale mabaki ya nyama, akasema kwa ile sauti yake ya mnadani ili wasikie wote.

"Waya ulikuwa mwembamba. Na mbuzi ameshaliwa. Sasa nani ana neno na Mama Kabula?"

Jioni ile kibanda kilijaa kuliko siku zote. Dotto alikuja, akasimama mlangoni, na mama bila kumwuliza chochote akamkwangulia ukoko wa ugali akampa. Akaupokea kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," akashukuru, akala akiwa amesimama. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia, kwa furaha na kwa hofu iliyochelewa kutoka.

Leo mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Shinyanga. Nina mita yangu mwenyewe. Wanafunzi wangu wanabofya simu na jibu linatokea kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni, na siwalaumu. Kijiti na tope havina sifa ya pekee. Machimbo nayo yamebadilika. Wako wanawake wenye maduara yao, wako wanaoshuka chini na taa kichwani, na mwanafunzi wangu mmoja wa kike hunihakikishia kwamba kwao hakuna anayezungumzia kamba tena. Mwingine, wa kijiji cha pili tu kutoka hapo, anasema kwao kamba ipo na mama yake anaiheshimu. Waya wa kufungia taa bado unaendesha pampu sehemu nyingi, na bado unafukiwa ili usiibiwe. Kila mwaka nawapa darasa langu zile namba, volti sitini na ampea kumi, nao hupata omu sita na wati mia sita kwa urahisi. Kisha huwasimulia jinsi hesabu ya kugawanya ilivyomwokoa mama yangu.

Nilikuwa nikiisimulia hivyo siku zote, kwa majivuno, sioni sababu ya kuficha. Mama sasa anakaa na Minza huko Ibadakuli, amezeeka, macho yamepona moshi, na anapenda kutoka nje kuangalia ndege zinapotua. Mwaka huu nilikuwa kwao na watoto wa Minza wakaniomba hadithi ya pampu. Nikawapa yote, namba kwa namba, mama akiwa ameketi mkekani anamenya karanga. Nilipofika mwisho nikawaambia kwamba ndivyo tulivyothibitisha bibi yao hakuwa na kosa. Watoto wakafurahi. Mama akaendelea kumenya, kisha akasema kwamba jambo moja huwa halielewi katika hadithi yangu. Kwa nini sikuzote naanzia kwenye pampu?

Nikamwambia kwa sababu pampu ndiyo waliyomlaumia, na sisi tulionyesha kwamba haikuharibiwa na kuvuka kwake.

"Na kama ingekuwa imeharibiwa na kuvuka kwangu?" akauliza.

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba namba mbili za Mzee Masanja kama ushahidi wa kumtoa mama mahakamani, na haikunipitia akilini kwamba yeye hakuwahi kuiona mahakama yenyewe. Alikuwa ameiheshimu kamba, labda hata aliiamini. Alipoweka lile sufuria chini alijua kabisa anachokifanya, na hakuwa na mwalimu, wala mita, wala mtu wa kumwambia kesho itasoma ngapi. Niliona haya, na nikampenda zaidi. Aliusogeza ungo pembeni, akanitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtoto aliyefaulu mtihani usio wenyewe.

"Kijana wa watu alikuwa hapumui, Kabula," akasema. "Ulitaka nisubiri hesabu?"